Mahindi ya Majivu

Waithira, jirani yangu hapa Kiplombe, hubuni protini kwa kompyuta. Msiniulize kama zinaliwa. Mimi niliuliza nikachekwa. Protini, alinieleza, ni kama uzi unaojikunja, na kazi yake hutegemea ulivyojikunja. Yeye alitaka kubuni uzi ambao haujawahi kuwa ndani ya kiumbe chochote: ushike sumu ya kuvu kwenye mahindi, na ukiishika ung'ae kijani.

Sumu hiyo haionekani kwa macho. Rukia, mnunuzi wetu, alikuwa amechoka kubahatisha. Alisema dawa ya Waithira yenye uzi huo ikifanya kazi atanunua mahindi yetu, la sivyo atahamia kwa wakulima wa Moiben.

Siku ya majaribio tulijaa stoo. Rukia alileta mahindi yetu ya msimu uliopita, yaliyokwisha kupimwa maabara yakapatikana na sumu. Waithira akayasaga, akayaloweka, akadondosha dawa. Giza tupu.

"Haya, daktari," Rukia akasema. "Hata haya yenye tunajua ni mbaya?"

Niliona aibu kama ni mimi. Waithira alienda kuosha bakuli, na hapo vidole vyake vikateleza kama vimepakwa sabuni. Majivu! Hapa kwetu nani huhifadhi mahindi bila kuyapaka majivu, fukusi wasiyamalize? Yeye mwenyewe amekua akiyachekecha, lakini kwenye maabara yake alitumia mahindi ya supamaketi yasiyo na majivu. Mwacha mila ni mtumwa. Maji ya majivu yalikuwa yameukunjua uzi wake wote.

Akarudi kwa kompyuta kutafuta uzi usiolegea ndani ya majivu. Ilimpa maelfu, mengi takataka. Aliyoyachagua aliyatengenezea jeni, akazitia ndani ya bakteria ili wamzalishie protini. Nyingi ziliharibika. Moja ilikaa imara.

Tulipojaa stoo tena, mamake Waithira alilikokota gunia lake mbele, kwa maringo. "Anza na yangu, watu waone mahindi safi."

Waithira akadondosha. Bakuli likang'aa kijani mpaka tukaonana nyuso.

"Hii ndio nilikuwa nipeleke posho mill isagwe kesho," mama akasema polepole. "Ya uji ya wajukuu."

"Mama Waithira, pole," Rukia akasema. "Lakini sasa yaliyo safi nanunua. Pima ya kila mtu."

Mama hakumsikia. Alikuwa ameshalishika gunia akilivuta kwenda kulichoma, huku akimpigia bintiye vigelegele. Sijawahi kuona mtu akipoteza gunia zima la mahindi kwa furaha namna ile.