Gundi ya Jino la Mbele

Daktari wetu wa meno hapa Tukuyu hupiga miayo ndani ya barakoa, ila mkono wake hauna haraka. Hulikausha jino, huisugua gundi kwa kiburashi, huipulizia hewa mpaka itulie, ndipo huwasha taa ya bluu. Jana aliniziba jino la mbele lililokatika, huku washenga kutoka Masoko wameshaketi sebuleni kwangu kumposa binti yangu Tulia.

"Fanya haraka, baba," nikasema. Mate yakaigusa gundi. Akashusha pumzi, akaifuta yote.

"Tunaanza upya, mama. Ikiloa, itabanduka ukiongea na wageni."

Nikampigia Tulia. "Waongeze chai. Usiwaambie niko wapi."

Kisha nikafungua kinywa, nikanyamaza.