Chumba Kisicho na Dirisha

Mama alikuwa katika eda nilipoanza kuipima nyumba yetu ya Mkomani. Baba alikuwa hajamaliza hata mwezi kaburini, na kaka yangu mkubwa, anayeishi Mombasa na biashara zake, alikuwa ameshaamua nyumba igeuzwe ya wageni. Ndugu wengine walikubali. Mimi ni msanifu wa majengo, na msanifu akiwa ndugu haombwi rai, hupewa kazi. Kaka alinipigia simu akasema, "Si wewe ndiye mwenye ile programu? Hebu tuchoree," kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Mama alitoa sharti moja tu. Wafanye watakavyo, waweke vitanda, waongeze vyoo, wapake rangi waitakayo, lakini ndani isiguswe. Kaka alimwahidi. Alisema mama atakaa mumo humo, hakuna wa kumtoa.

Asiyezijua nyumba za Amu, yaani Lamu, nimweleze. Mlangoni pana daka, ndipo wanaume hubarizi na mgeni wa kawaida huishia. Ukipita unakuta kiwanda, ndio ua ulio wazi juu, kisha msana, ukumbi mrefu mwembamba, kisha chumba cha mwisho kabisa, kilichozungukwa na kuta na vyumba vingine pande zote. Hicho ndicho tunachokiita ndani. Hakina dirisha, na si kwa kusahauliwa. Humo mama alituzaa. Humo mjane hukaa eda. Humo maiti wa nyumba huoshwa, kwa kuwa hakuna jicho lisilohusika linaloweza kufika. Baba alioshewa humo, na mama akatandika kitanda chake papo hapo. Nilimwuliza kama haogopi.

"Nimuope babako?" alisema, akaniangalia kana kwamba nimepoteza akili Nairobi.

Mhandisi aliyeajiriwa na kaka alikuwa mtu wa bara. Alishuka basi Mokowe, akavuka kwa boti, akafika mlangoni kwetu na kofia ngumu ya manjano kichwani, tayari kuingia. Ilinibidi nimzuie. Mwanamke yuko katika eda, mwanamume asiye maharimu wake hapiti. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana mimi kwa ugomvi sihitaji kusukumwa. Yeye akavua kofia, akasema, "Poleni sana kwa msiba, dada," akakaa dakani.

Tukafanya kazi hivyo. Mimi nilizunguka vyumbani na kifaa changu cha leza nikimsomea vipimo kwa simu, naye hatua chache kutoka kwangu, nyuma ya mlango, anaviingiza kwenye kompyuta iliyo mapajani. Alinirudisha kupima ukuta mmoja mara kadhaa, kwa kuwa hakuamini ukuta wa nyumba unaweza kuwa mnene kiasi kile. Chumba kimoja kilikuwa kipana upande huu na chembamba upande wa pili. Akasema programu inataka kukinyoosha. Nikamwambia akiache kilivyo, kimekaa hivyo tangu kwa mababu na hakijamwangukia mtu.

"Huyo mtu wa watu amekunwa kahawa?" mama aliuliza kutoka ndani.

Nikampelekea kahawa na kaimati. Alikula zote.

Programu zetu hizi hazichori mistari tu. Kila ukuta unaouweka hukuuliza kama upo, utabomolewa, au ni mpya. Uliopo huonekana kwa mstari mzima, na wa kubomolewa kwa vistari vilivyokatikakatika. Modeli yenyewe hukaa mtandaoni, mhandisi akibadilisha kitu kule Nairobi, mimi nakiona hapa. Na kila chumba lazima kiwe na jina, kwa sababu jina ndilo linaloleta masharti. Nilipoandika kwamba chumba cha mama ni cha kulala, kikawaka rangi nyekundu. Chumba cha kulala hakina dirisha. Mhandisi akaandika pembeni kuwa kaunti haitapitisha.

Nikafuta, nikaandika stoo, nikajiona mjanja. Kesho yake nilipofungua modeli, mabomba ya vyoo vya ghorofani yalikuwa yameshuka katikati ya kitanda cha mama. Nilimpigia mhandisi huku damu imenipanda.

"Dada, ni wewe uliandika stoo," alisema kwa upole. "Mabomba lazima yapite mahali hapakai mtu."

"Hapo panakaa mtu."

"Nani?"

Nilitafuta maneno ya kumweleza ndani ni nini, sikuyapata. Nilimwambia ayaondoe tu. Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilimwendea mama nikamwambia kwa upole habari ya dirisha. Dogo tu, la juu, upande wa uchochoroni. Hakukasirika. Alinieleza kama anayemweleza mtoto.

"Ndani haina dirisha, mwanangu. Ukilitia dirisha si ndani tena, ni chumba."

Basi nikakaa na ule mchoro. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama nilivyoipenda siku zile, na sijaipenda hivyo tena tangu hapo. Niliigeuza nyumba kwenye kioo cha kompyuta, nikaikata, nikaitazama kwa juu, nikaitazama kwa chini kama niliyelala sakafuni. Boriti za mikoko hazirefuki kwa ajili ya mtu, ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba, na chochote nitakachotoboa lazima kipite baina ya boriti na boriti. Mwishowe nikaliona. Nikachora tundu linaloanzia kwenye dari ya ndani, linapanda kupita ghorofa, linatokeza kwenye paa la juu, na kufunikwa kioo. Mwanga ungeshuka kutoka mbinguni. Uchochoro usingeona kitu, jirani asingeona kitu. Nikaandika tena chumba cha kulala, na ile rangi nyekundu ikazimika. Nililia kwa furaha kama mjinga. Mhandisi akaniandikia, "Hiyo ni safi kabisa." Kaka naye, ambaye kwa kawaida humsifu mtu akisha kufa tu, alisema nimeipa nyumba heshima.

Nilimwonyesha mama baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ameketi kitandani na nguo zake za eda, hana wanja wala asumini, nami nikaketi karibu yake nikaweka kompyuta katikati yetu. Nilimwingiza nyumbani kwake kwa mlango wa mbele. Tukapita kiwanda, tukapita msana. Alivijua vidaka vya ukutani kimoja kimoja, akakigusa kwa kidole kidaka alichokuwa akiwekea Korani.

"Hini ndiyo nyumba yetu wallahi," alisema. "Ila mbona i safi hivi?"

Tukacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Nikamfikisha ndani, nikaigeuza picha itazame juu kutoka pale kitandani, na ule mwanga ukamshukia. Akautazama. Niliona umempendeza, nami nikajiambia moyoni kwamba nimemwokolea mama yangu chumba chake.

Kisha akasogeza uso.

"Na hawa ni nani?"

Programu huja na watu wake. Huwekwa kwenye mchoro ili mtu akadirie kimo cha kuta. Wangu walikuwa mwanamume mwenye kaptura na mwanamke mwenye kofia pana, wamesimama juu ya paa karibu na kioo, na bilauri mikononi.

"Si watu, mama. Ni mfano tu."

"Wako wapi hapo?"

"Juu ya paa. Wageni watakuwa wakipumzika pale."

"Kwa hivyo wao wako yuu, nami niko tini."

"Ndiyo."

Aliutazama ule mwanga mara nyingine, safari hii kwa jicho tofauti.

"Na siku n'kioshwa?"

Nilisema lililonijia kwanza. Nilisema kuna kioo cha ukungu, kinapitisha mwanga lakini hakionyeshi sura. Mama akasema kitaonyesha kivuli, na wageni wataona watu wamemwinamia mtu aliyelala. Nikampigia kaka papo hapo, nikaiweka simu kwa sauti ili wasikizane.

"Mama, siku hiyo, Mungu aiweke mbali, tutafunika," kaka alisema. "Tutawaambia wageni wasipande. Usiwe na wasiwasi."

"Siku hiyo wewe utakuwa kwako," mama alisema, "na nyumba yatundwa, yaangaliwa na mtu wa mshahara. Nani atakayekumbuka?"

Kaka akajaribu mzaha. "Mgeni njoo, mwenyeji apone, mama."

"Haya," mama akasema.

Sisi tuliolelewa naye tunaijua haya yake. Hakuna neno linalofuata baada yake. Kaka alikata simu akidhani yamekwisha, na kwa kweli yalikuwa yamekwisha.

Nilipambana. Nilimwambia kaka aache ile sehemu ya paa bila wageni, akaniambia watu hawatoki Ulaya kuja kukaa chini. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, naye akayavumilia, kwa kuwa alijua nina haki na alijua pia kwamba hatabadilika. Mhandisi, Mungu amlipe, alinitumia mchoro wake mwenyewe, lile tundu amelizungushia ukuta juu ya paa ili hata anayesimama kando asione chini. Alikuwa ameufanya bila kuulizwa. Niliuchukua mbio nikampelekea mama. Hakuutazama.

"Mwanangu, usiyitaabishe," alisema. "Nyumba hini sasa yataka wageni. Mimi si mgeni."

Eda ilipokwisha alioga, akavaa nguo zake za kawaida, akajifukiza udi, na akatwambia atakwenda Pate kwa mdogo wake kupumzika kidogo. "Nitarudi mkimaliza," alisema. Sote tukasema inshallah, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama machoni. Nilimbebea mkoba wake hadi gatini. Ulikuwa mwepesi mno kwa mtu anayesema anakwenda kupumzika tu, maana mama husafiri na nusu ya jiko. Hakuchukua kitu kwa sababu hakutaka tujue kwamba anahama.

Siku chache baadaye nilifungua modeli kutafuta kipimo cha mlango. Mhandisi alikuwa kazini kule Nairobi, hakujua kwamba naangalia. Ukuta wa kwanza wa ndani ukageuka kuwa vistari vilivyokatika. Kisha wa pili. Kaka alikuwa amempigia akamwambia mama amehama, na chumba kisichokaa mtu ni nafasi ya bure. Ningeweza kumwandikia aache, naye angeacha. Lakini kumzuilia nani? Ulipokatika ukuta wa mwisho programu ikatoa onyo lake la kawaida, kwamba chumba hakikuzungukwa na kuta, kwa hiyo hakihesabiki. Jina likafutika lenyewe. Nilifunga kompyuta nikalia kwa sauti, na jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Nyumba inafanya vizuri. Wageni huandika mtandaoni kwamba paa linapendeza na maji ya bafuni yana nguvu. Mama hakurudi kuiona. Kila nilipompigia alisema Pate kuna samaki wazuri na ana raha, na kila aliposema ana raha nilijua anatusitiri sisi, maana mzazi humsitiri mwanawe hata pale mwana alipomwangusha. Laiti angenitukana.

Alifariki mwaka uliofuata, kwa homa ambayo hakuitaja kwa mtu. Nilifika kabla hajaoshwa. Nyumba ya mama mdogo ni mpya, ya matofali na mabati, aliijenga mwanawe, na ina madirisha mapana pande zote kwa ajili ya upepo. Ni nyumba njema, ningeichora mimi ningeichora hivyo hivyo. Waoshaji walizunguka vyumba vyote wakitafuta pa kumlaza, kisha wakachagua chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama njia ya watu. Nje wanaume walikuwa wameshaleta jeneza. Pazia lilikuwa jepesi, la kupitisha jua. Mama mdogo akatoa leso kabatini, tukatafuta misumari, hatukuipata.

Nikapanda juu ya kiti, nikashika leso ncha mbili, nikaitandaza dirishani kwa mikono. Nyuma yangu nilisikia maji yakimiminwa na dua ikisomwa taratibu. Mwoshaji mkubwa akaniita. Alisema, "Ndoo hapa, Bi, ummiminie mamako mai. Ni haki yako wewe." Nilimwomba ampe kazi hiyo binamu yangu wa kike. Upepo ulikuwa ukiivuta leso, na sikumwamini mtu mwingine yeyote kuishika. Nilisimama vile, uso dirishani na mgongo kwa mama, hadi waliposema kwamba wamemaliza na kwamba ameshafunikwa.