Mbabula ya Jumapili

Sisi tuliolelewa Bukavu tuna ugonjwa mmoja: hatuli chakula baridi. Aliyezaliwa hapa Rusizi, ng'ambo hii ya mpaka, anaweza kwenda matembezini na viazi vya jana mfukoni, akavila kimya kimya chini ya mti na kumshukuru Mungu. Sisi hapana. Tukipanda msituni Jumapili baada ya misa, wa kwanza anabeba mbabula, lile jiko la makaa, wa pili anabeba makaa yenyewe, wa tatu sufuria ya sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Nilizoea kusema kwamba hata siku ya kwenda mbinguni, Petero atatukuta mlangoni tunapuliza moto.

Msitu wenyewe hauna makuu. Ni misonobari na mikaratusi iliyopandwa juu ya kilima, upande wa Mururu, mwendo wa saa moja kwa hatua za mama yangu. Na mama ndiye aliyenipeleka huko. Tangu baba afariki, alikuwa amenyamaza. Wiki nzima mimi navuka mpaka na vitenge vyangu, nikirudi jioni namkuta kwenye kiti kile kile, anautazama ukuta, chai imepoa. Lakini Jumapili, tukishafika kwenye misonobari, alivua viatu, akanyoosha miguu, na baada ya sambaza mbili tatu akaanza kutuiga: padri na kikohozi chake, afisa wa mpakani, mimi nikigombana na wateja. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama niliyemjua alikuwa anaishi kule juu, saa chache kwa wiki, na saa hizo nilizitaka kuliko kitu chochote.

Jioni, kabla ya kushuka, kazi ya makaa ilikuwa yangu. Nilimwaga mbabula chini, nikayafunika makaa kwa udongo, nikakanyaga, tukaondoka.

Kiangazi kile kilikuwa kikali, hata migomba ilionekana imechoka. Jumatatu moja tukaona moshi kilimani. Mlinzi wa msitu na majirani waliuzima moto kwa matawi na vidumu vya maji, lakini ulikuwa umeshakula kipande kikubwa kama uwanja wa kanisa, pamoja na mizinga miwili ya nyuki ya mzee mmoja ambaye shamba lake la mihogo linapakana na msitu. Nani aliuwasha? Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna aliyejitaja mwenyewe. Mimi pia nilikuwa na majibu yangu, tena mengi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja, tuliketi kwenye nyasi na majembe yetu. Kiongozi wa mtaa akatuuliza: tufunge msitu kwa watu wa matembezi mpaka mvua zianze, au tuuache wazi?

Mzee wa mizinga alisimama kwanza. Alisema maneno machache tu.

"Pikiniki ni yenu, mihogo ni yangu. Mufunge."

Kijana mmoja wa kiwanda cha saruji cha Muganza akapinga. "Wazee, miye natumikaka kazi usiku. Nyumbani niko na batoto batano na mama-mukwe. Kule kwa miti njo nalalaka. Mukifunga, nitalala wapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona upepo umegeuka upande wetu. Nikainuka. Nikiinuka mimi, wanaonijua husogeza viti, ila siku hiyo hapakuwa na viti.

"Bantu ba kutembea habaunguzaka msitu!" nikasema. "Banaunguzaka ni bale ba kuvuta tumbaku, na bale ba kufukuza nyuki na moto!" Nikamkazia mzee macho.

"Mizinga yangu njo iliungua, Maman," akanijibu polepole. "Nilijiunguzia miye mwenyewe?"

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini ulimi hauna mfupa, na mimi nilikuwa najipalia makaa kwa mikono miwili. "Siye tuko bantu ba akili, Papa. Tukimaliza kupika, miye mwenyewe namwangaka makala chini, nafunika na bulongo, nakanyanga. Kila Jumapili!"

Wakapiga makofi. Wanawake wenzangu wa mpakani walipiga hata vigelegele. Nilikuwa nimeshinda, nilijua hivyo, na nilimgeukia mama nyuma yangu ili aone.

Mama alikuwa ameinua mkono. Mtu ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni, tangu turudi kutoka Bukavu.

"Mutoto yangu," akasema, "nyumbani mangaribi, kama umemaliza kupika, makala unafanyaka nini?"

"Nafunika na majivu, Mama."

"Juu ya nini?" akataka sababu.

"Juu asubui nisihangaike kuwasha..."

Sentensi yangu iliishia hapo.

"Na asubui unafunua unakuta nini?"

Hakuna mwanamke pale asiyejua jibu. Tumelala na moto uliofunikwa tangu utotoni. Ndivyo unavyotunzwa usife. Nikajibu, na sauti yangu mwenyewe nikaiona ndogo: "Moto."

Mmoja alianza kucheka, akaacha. Mama akamgeukia mzee wa mizinga, akamwomba radhi kwa mikono miwili, kisha akamwambia kiongozi: "Mufunge. Na mvua ikikuya, mufungue, lakini mbabula isipande tena kule." Mikono ikainuka, na wangu ukafuata, mzito kama jembe.

Nilimkasirikia mama, nasema wazi. Tulipofika nyumbani nikamlipukia: kwa nini hakuniambia faraghani? Na hajui kwamba msitu nilikuwa naupigania kwa ajili yake?

"Nilijua tu pale, uliposema," akajibu. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake. "Na ni miye nilikufundishaka kufunika moto. Ningenyamaza, kule juu singecheka tena."

Nikaenda kupika.

Jumapili zilizofuata zilikuwa ndefu. Tuliwasha mbabula uani, nikajaribu hata kumwiga padri, nikashindwa vibaya. Mama alikula, akashukuru, akarudi kwenye ukuta wake. Mzee wa mizinga alipita siku moja. Nilimsaidia kusuka mzinga mpya wa fito, akaufumua nusu kwa kuwa nilikuwa nimeusuka vibaya. Nilihesabu mawingu kila asubuhi kama mkulima.

Mvua ya kwanza ilipiga bati siku ya Alhamisi. Jumapili, misa haijaisha vizuri, mama alikuwa ameshasimama mlangoni mwa kanisa na viatu vyake vya kupandia. Tulipanda bila mbabula, mikono mitupu, ila sufuria ya sambaza tulizokaanga nyumbani. Pale palipoungua nyasi changa zilikuwa zimeanza kutokeza. Mama alipatazama kidogo, akaketi mbele zaidi, akavua viatu.

Nikamfunulia sufuria. Mafuta yalikuwa yameganda. Alichukua sambaza moja, akaitafuna muda mrefu, akameza kwa shida.

"Mubaya kabisa," akasema.

Kisha akasimama, akashika kiuno kama ninavyoshika mimi, akatoa kidevu mbele kama ninavyotoa mimi, akaipigia kelele misonobari yote: "Siye tuko bantu ba akili, Papa! Nafunika na bulongo, nakanyanga! Kila Jumapili!"

Wenzetu walianguka chini kwa kicheko. Mimi nilicheka na kulia pamoja, nikala sambaza zangu zote, baridi hivyo hivyo.