Siku Nilipovaa Viatu Kumwita Mkunga

Sisi tuliokulia Iguguno wakati Mwingereza bado anatawala, nyayo zetu zilikuwa ngumu kama tairi. Mwiba wa mgunga ulikuvunjikia mguuni, ukauchomoa, ukaendelea na mchezo. Jioni mama alitukagua mlangoni mmoja mmoja, na mwenye visigino vichafu alirudi kusugua kwa jiwe kabla ya kugusa ugali wa mtama na mlenda. "Osha vizuri," alikuwa akisema. "Miguu hiyo ndiyo iliyokupeleka kisimani leo."

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, kaka yangu Yona alirudi kutoka Itigi, alikokuwa akifanya kazi ya reli, akaniletea viatu vyeusi vya kamba. Basi nikawa sishikiki! Nilivivaa hata kuchunga mbuzi. Wenzangu wakipita walinidhihaki kana kwamba mimi ndiye mkuu wa wilaya wa Kizungu, "Shikamoo, Bwana Shauri!" Nami niliitikia "Marahaba" bila haya.

Asubuhi moja mama alishikwa na uchungu. Baba alikuwa mnadani. Bibi akatoka ndani, uso umembadilika.

"Zaituni, kimbia ng'ambo ya korongo ukamwite Bi Halima mkunga. Mtoto hakukaa vizuri. Usisimame njiani."

Nami, Mungu anisamehe, nikaingia kuvaa viatu kwanza. Nilitaka watu wa ng'ambo wanione.

Kabla sijafika korongoni, viatu vilikuwa vimenichuna visigino, na mchanga umejaa ndani. Nikawa nachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikamkumbuka mama alivyokuwa akiguna nilipoondoka. Nikaketi chini, nikavivua, nikavitupa kichakani, nikakimbia. Mchanga ulikuwa wa moto, lakini miguu yangu ilikuwa imeuzoea.

Nilimkuta Bi Halima akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi. Mama…"

"Marahaba. Vuta pumzi kwanza." Akaona damu. "Umekanyaga nini?"

"Viatu, bibi."

Alicheka huku akijifunga kaniki. Alikuwa mzee kuliko bibi yangu, lakini njia nzima niliona mgongo wake tu.

Tulipofika, nilikaa nje, sikuthubutu kuingia, maana nilijua nani amechelewesha msaada. Mama alilia, kisha akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jua lilikuwa utosini niliposikia sauti ya kichanga. Bi Halima akatoka, jasho linamtiririka.

"Mdogo wako katanguliza miguu," akasema. "Huyo hakutaka kubebwa na mtu! Mama yako mzima. Nenda kamsalimie."

Siku ya tatu nilimweleza mama habari ya viatu. Hakunigombeza. Aliagiza maji ya uvuguvugu, akaiweka miguu yangu mapajani pake, akanisafisha vidonda taratibu, naye mwenyewe bado hawezi kusimama vizuri. Nililia kuliko kama angenichapa.

Siku hizi naishi na wajukuu hapa mjini, Mandewa. Duka liko ng'ambo ya barabara, lakini sabuni ikiisha wanaita bodaboda. Jioni huvaa raba za bei kubwa, wakazunguka nyumba huku wakitazama simu iwahesabie hatua.

"Mnakwenda wapi?" huwauliza.

"Hatuendi popote, bibi. Tunatembea tu."

Nacheka mpaka machozi yanitoke. Wana miguu mizuri, laini, haina hata kovu. Ila sisi, popote tulipokwenda, kulikuwa na mtu anatungoja.