Nyuzi Zilizokataa Kuyeyuka

Raelene Tuckwell alikuwa msusi wa nywele pale Longreach, mji mdogo wa bara huko Australia, kwa miaka ishirini na sita. Alipopungua kilo hamsini, ngozi ya mikono ikabaki inaning'inia, na kila alipoinua mkasi ilitikisika mbele ya uso wa mteja. Wateja walitazama pembeni, na hilo ndilo lililomuuma. Akafunga saluni, akaenda hospitali jijini Brisbane, akakatwa ngozi ile kutoka kwapani hadi kiwikoni, mikono yote miwili. Alirudi na nyuzi ambazo daktari alisema zitayeyuka zenyewe humo ndani.

Hazikuyeyuka. Wiki ya nne alikuta kipele chekundu karibu na kwapa la kushoto. Kesho yake kikapasuka, ncha ya uzi ikachungulia, ngumu kama mshipi wa kuvulia samaki. Kufikia Jumapili vipele vilikuwa vitano, na kimoja kilitoa maji ya njano.

Alipopiga simu Brisbane, binti wa mapokezi alimwambia atume picha. Akatuma. Jibu likaja baada ya siku mbili: ni kawaida, mwili unazitema nyuzi, asizivute.

"Kawaida kwa nani?" alimuuliza mamamkwe wake, Beryl, bibi wa miaka themanini na moja aliyekuja kumtazama, maana mumewe Raelene alikuwa mbali akiswaga ng'ombe. "Kwapa langu linatema uzi, mama, wao wananiambia kawaida!"

"Ningekuwa naona vizuri ningezing'oa kwa kibano cha nyusi."

"Thubutu!"

Nesi wa zahanati, Tamsin, ndiye aliyezitoa, fundo moja moja. Fundo la tatu lilipotoka, ngozi iliachia, pakawa na shimo la kuingia ncha ya kidole. Raelene aliuona uso wa nesi ukibadilika.

"Nishonee basi."

"Siwezi, dada. Nikifunga, uchafu utabaki ndani. Tutapaacha wazi, nyama ijae yenyewe kutoka chini."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Wiki sita. Pengine zaidi."

Akakatazwa kuinua mikono kupita mabega. Hakuweza kuanua nguo kambani, wala kushusha kikombe kabatini. Siku ya tano kichwa kikaanza kumwasha, Beryl akamwinamisha kwenye sinki la jikoni na kumwosha nywele kwa sabuni ya vyombo, akikwangua kama anaosha sufuria. Raelene, aliyeosha vichwa vya nusu ya mji ule, alilia pale pale, maji yakimwingia masikioni.

"Fumba macho basi, we mtoto," Beryl alisema, akidhani ni sabuni.

Kidonda kilifunga wiki ya tisa. Kovu la kushoto lilitoka pana, limejivuta, linang'aa. Daktari alimwambia kwa simu kwamba baada ya mwaka anaweza kulikata na kulishona upya. Raelene alisema atafikiria, akakata simu, kisha akakaa kitandani muda mrefu bila kufikiria chochote.

Alifungua saluni kwa nusu siku, amevaa blauzi ya mikono mirefu kwenye joto la nyuzijoto arobaini. Alhamisi moja, akipitisha sponji bafuni, kidole kiligusa kitu kigumu kama ncha ya uzi chini ya mkono wa kulia, ule uliokuwa umepona. Akapiga simu zahanati. Tamsin yuko likizo, wakamwambia, hadi Jumatatu ya wiki ijayo.

"Sawa," alisema, akabandika plasta, akaenda kumkata nywele mteja wa saa tatu.