Miche Iliyodekezwa

Mama Miche alikuwa kibarua wa bustani ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Ungemuuliza, angekwambia kumi na tisa na miezi minne. Wodi ya wazazi ilijengwa juu ya mteremko unaotazama bahari, na kila msimu wa mvua mteremko ule ulimeguka, mpaka kati ya ukingo na ukuta zikabaki hatua tano tu. Mhandisi akatoa hukumu: ukimeguka tena, wodi inavunjwa.

"Niachie mimi nipande mimea ya kushika udongo," Mama Miche akamwambia. "Ukimeguka, vunjeni."

Kichaka cha kazi hiyo alikijua. Ni cha ukoo wa alizeti, chenye majani ya kijivu ambayo ukiyafikicha, mkono unanukia mpaka kesho. Kilijiotea chenyewe mchangani, kikipigwa na upepo wa chumvi. Akakata vipandikizi mia tatu, akaviwekea kivuli, mbolea, na maji asubuhi na jioni. Vikanawiri, kila mpita njia akavisifu. Alipovishusha mteremkoni, wiki mbili hazikuisha vyote vikafa.

Siku hiyo alilia, tusifichane. Mumewe, mtu wa masihara hata msibani, akasema, "Mke wangu, miche yako umeidekeza kuliko mimi. Mimi ungenitupa kule, ningeishi."

Alitaka kumjibu ya kumjibu, akajizuia. Mzee wa watu alikuwa amesema kweli bila kukusudia. Akaanza upya: mchanga mtupu badala ya udongo mzuri, jua kali, upepo wa bahari, maji kila baada ya siku tatu. Wenzake wakamwita katili. Miche ikatoka mifupi, migumu, na harufu yake ilikupokea ukiwa bado getini.

Akaishusha mteremkoni, ikashika mizizi. Mvua ikaja na hasira zake, siku tisa mfululizo. Siku ya kumi mhandisi akashuka na kamba yake. Akapima, hakuamini, akapima tena. Hatua zilikuwa tano. Akakishika kichaka kimoja kwa mikono miwili akakivuta, kikamgomea.

Akatoa fomu, akaandika kwamba wodi ibaki. Kisha akaangaza macho huku na huku.

"Mama, hapa wanataka jina la mtaalamu aliyesimamia. Yuko wapi nimwandike?"

Mama Miche akajifuta tope mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Andika tu, mwanangu. Unaongea naye."