Makosa Aliyoyatega Fundi Meno

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Meno, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na wazee wengi wa mtaa ule walipocheka, kilichong'aa ilikuwa kazi ya mikono yake. Kazi hiyo haikumfundisha kuwaamini watu. Mtu huja akasema jino limevunjwa na mfupa, kumbe ni ngumi. Mwingine huapa kwamba sigara hajawahi kuigusa, huku ulimi wake wa njano ukimsuta.

"Mdomo husema," alizoea kuwaambia, "lakini ufizi ndio hutoa ushahidi."

Katika chumba hichohicho, juu ya meza iliyowekwa mbali na vumbi la plasta, palikuwa na meli ya mbao. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima na milingoti mitatu, mfano wa zile meli kubwa za zamani zilizovuka bahari kwa upepo mtupu. Aliijenga kwa kufuata kitabu cha michoro alichokinunua kwenye meza ya vitabu vilivyotumika. Umbo lake lilimchukua mwaka mmoja. Kamba zake, ambazo kwa ukubwa ule zilikuwa nyuzi tu, zilikuwa zimemla miezi kumi na minne, na bado. Nyuzi alizipaka nta ileile ya kupimia ufizi ili zisitoe manyoya. Kibano kilikuwa cha kazini. Hata kile kioo kidogo chenye mpini, cha kuchungulia nyuma ya magego, alikitumia kuchungulia nyuma ya milingoti.

Mke wake aliitazama meli ile kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesema analala siku mbili.

Lakini mwaka ule si meli iliyomnyima Fundi Meno raha. Ni binti yake.

Binti huyo, mwalimu wa hesabu mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa amewahi kuchumbiwa. Nyumbani mchumba yule hakutajwa tena ila kwa maneno mawili, Yule wa Kwanza. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu, akila macho chini, akijibu "ndiyo mzee" kabla swali halijaisha. Wiki moja kabla ya harusi mwanamke mmoja alisimama langoni na watoto wawili, akauliza kwa sauti ya upole kama mume wake yumo ndani. Na katika nyumba ile, aliyekuwa amemsifu Yule wa Kwanza kuliko wote ni Fundi Meno mwenyewe.

Sasa, baada ya miaka mitano, alikuwa amekuja wa pili. Binti alimleta, akamtambulisha, akamsindikiza kituoni, kisha akarudi akakaa mbele ya baba yake.

"Baba, safari hii macho yangu siyaamini. Mwangalie wewe. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, nitamwambia hapana, na sitakuuliza sababu."

"Mwanangu, huo si mzigo wa kunitwisha mimi."

"Basi nimtwishe nani?"

Tangu siku hiyo Fundi Meno alitafuna upande mmoja tu, kama mtu mwenye jino bovu.

Huyo wa pili alikuwa fundi wa lifti, mtu wa makamo, mabega mapana, maneno machache. Wakamwita Fundi Lifti. Siku ile ya kwanza, alipopita chumba cha mbele na kuiona meli, alisimama, akatabasamu, akasema kwamba kabla ya lifti alifanya kazi miaka minne katika meli yenye milingoti kama ile, meli ya kufundishia mabaharia, na kazi yake ilikuwa kamba.

Masikio ya Fundi Meno yakasimama.

"Meli ya matanga? Zama hizi?"

"Zipo chache, mzee."

Zipo chache! Mgeni alipoondoka, Fundi Meno alimfuata mke wake jikoni. "Umesikia? Anamtaka binti yangu, ananikuta nina meli ya matanga, na kumbe yeye ni baharia wa matanga. Angenikuta nafuga kuku, angesema alizaliwa bandani."

"Na kama ni kweli?"

"Yule wa Kwanza naye kila kitu kilionekana kweli."

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, alijifungia katika chumba cha mbele na kutega mtego. Aliiharibu meli yake mwenyewe mahali patatu. Kwanza, ubavuni mwa meli kuna safu ya vijiduara vya mbao vyenye matundu matatu, vinavyokaza kamba za mlingoti. Kila kimoja kinaonekana kama uso wa mtoto anayeshangaa, macho mawili juu na mdomo chini. Kimoja alikigeuza, mdomo ukawa juu. Pili, alichukua kamba inayogeuza foromali, ule mti mlalo unaobeba tanga, akaipitisha nyuma ya kamba nyingine, hivi kwamba katika meli ya kweli foromali isingegeuka hata nahodha alie. Tatu, kamba moja aliifunga kwenye kigingi cha jirani, si chake. Makosa madogo. Mtu wa kawaida asingeyaona hata kwa darubini. Mtu aliyevuta kamba miaka minne yangemchoma macho.

Kisha, kwa kuwa hakumwamini mtu hata yeye mwenyewe, akaipiga meli picha kwa simu, pande zote.

Fundi Lifti alifika saa sita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu njoo huku. Wewe ndiye mtu wa meli. Nitazamie, iko sawa?"

Mgeni akainama, mikono ameifunga nyuma kama mtu aliye katika duka la vyombo vya kioo. Alitazama kwa muda mrefu. Fundi Meno hakuitazama meli, aliyatazama macho ya mgeni. Yalipita ubavuni, yakapanda, yakashuka. Hakuona yaliposita.

"Ni kazi nzuri, mzee. Kazi ya subira."

"Hakuna tatizo hata dogo?"

"Mimi ni nani hata nione tatizo?"

Fundi Meno akacheka na kumpiga bega, na moyoni akawa amekwisha kata shauri. Walikula. Mgeni alisifu chakula, akaombwa aongeze, akaongeza. Baada ya hapo Fundi Meno akaenda kulala, kama alivyolala kila Jumamosi baada ya kula, usingizi mzito wa mtu aliyemaliza uchunguzi. Alipoamshwa, chai ilikuwa mezani na mgeni ameshaaga.

"Ni mwongo," alimwambia mke wake. "Kesho namwambia binti."

Kijiko cha mke kilizunguka kikombeni mara nyingi kuliko sukari ilivyohitaji.

Jumapili asubuhi alikaa mezani kuyaondoa makosa yake kabla hayajazoea pale. Akatafuta kile kijiduara kilichopinduka. Hazikuwepo ila nyuso zilizonyooka, zote zikimshangaa. Akaifuata kamba ya foromali. Ilipita mbele, huru. Ile ya kigingi ilikuwa kwenye kigingi chake. Akadhani amesahau, kwamba labda hakutega chochote. Akafungua simu. Picha zilikuwa na makosa. Meli haikuwa nayo.

Akachukua kile kioo chenye mpini, akaanza kulinganisha uzi kwa uzi, na karibu na tezi, yaani nyuma ya meli, kwenye mlingoti wa mwisho, akakuta tofauti nyingine. Pichani kamba mbili zilikuwa zimepishana, ya kulia imekwenda kushoto na ya kushoto kulia. Kwenye meli zilikuwa zimenyooka, kila moja upande wake. Hilo hakulitega. Hilo lilikuwa kosa lake halisi, alilokaa nalo miezi bila kulijua. Vifundo vilikuwa vidogo kuliko vyake, ncha zimekatwa karibu, na zimepakwa nta.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye alijisikia kama aliyerudi nyumbani akakuta pamefagiliwa na mtu asiyemjua.

"Jana nani aliingia chumba changu?"

"Kwani kumepotea nini?" mke aliuliza.

"Hakijapotea kitu. Ndiyo shida yenyewe!"

Mke akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Ulikuwa umelala. Aliniomba kibano na uzi. Akasema, mama, tafadhali, mzee asijue."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali. Nikamshikia na taa."

"Na binti?"

"Binti hajui kitu, alikuwa anaosha vyombo. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza unavyokoroma. Ukikatisha, tunasimama. Ukianza tena, tunaendelea."

Basi mgeni hakuwa mwongo. Meli ya matanga ilikuwa kweli, miaka minne ilikuwa kweli. Fundi Meno alisubiri moyo utulie, na moyo ukakataa. Wiki nzima aliwaza akisaga plasta. Huyu aliona makosa yote, na uso wake haukutikisika. Alimtazama mwenye nyumba machoni na kumwambia kazi ni nzuri. Kisha akaingia, akabadili, akatoka, bila kuacha alama, na mke wa mtu akimshikia taa. Leo amefanya hivyo kwa wema. Lakini mkono ni uleule. Adabu ni pazia zuri, aliwaza, ila aliye nje hawezi kujua kama nyuma yake kuna dirisha au ukuta. Yule wa Kwanza naye alinyamaza kwa adabu.

Jumamosi ilipofika aliwaita wote watatu katika chumba cha mbele. Hakuwakaribisha kukaa.

"Nilitega makosa matatu," alimwambia Fundi Lifti, "ukarekebisha manne. Kwa nini hukusema?"

Binti alimgeukia mama yake, kisha mchumba wake. Fundi Lifti alitazama viatu vyake.

"Mzee, ungekuwa mimi, ungemwambia baba wa mchumba wako kwamba amekosea? Nyumbani kwake?"

"Ningemwambia."

"Wewe?" Mke alipiga makofi mara moja. "Wewe uliyekula mchuzi wa mama yangu uliojaa chumvi miaka miwili ukisema, mama, naomba niongeze? Mpaka daktari akakuuliza unaishi baharini?"

Binti akauficha mdomo kwa kiganja. Fundi Meno hakucheka.

"Nyamaza kwanza, mke wangu. Mimi nilificha chumvi. Yule wa Kwanza alificha mke na watoto. Kunyamaza hakuna vipimo, ukishazoea huoni umefika wapi." Akamsogelea mgeni. "Niambie sasa. Kuna kosa lolote umeliona humu ukaliacha?"

Fundi Lifti aliitupia meli jicho, kisha akatazama pembeni.

"Lipo," binti alisema polepole. Alikuwa akimtazama mchumba wake usoni, na uso wake mwenyewe ulikuwa umebadilika. "Nakujua. Lipo. Sema."

"Halirekebishiki kwa kibano, mzee."

"Sema!"

"Mlingoti mkuu umeinama. Kwenda kushoto. Kamba zote zimeufuata, ndiyo maana macho hayaoni. Kuunyoosha, lazima zikatwe."

Kamba zote maana yake ni miezi kumi na minne. Wazo la kwanza la Fundi Meno, hakuweza kulizuia, lilikuwa kwamba huyu analipiza kisasi. Akafunga kipande cha madini ya risasi kwenye uzi, kama timazi ya mwashi, akauning'iniza kando ya mlingoti, akasubiri uache kuyumba. Juu, uzi na mlingoti viligusana. Chini palikuwa na nafasi, nyembamba kama ukucha, lakini ilikuwapo.

"Haiwezekani," alisema. "Niliupima mwenyewe. Nilikaa hapa nikaulinganisha na mwimo wa mlango."

Wote wanne wakageuka kuutazama mwimo, ule mti wima wa ubavuni mwa mlango. Fundi Meno akaenda, akauning'iniza ule uzi hapo. Mlango ulikuwa umeinama kwenda kushoto.

"Mungu wangu," mke alinong'ona. "Na meno ya watu?"

Fundi Meno alibaki pale, uzi mkononi, nyuso za nusu ya mtaa zikimpitia kichwani moja baada ya nyingine, zikitabasamu. Miaka thelathini na mmoja aliwapima watu akiwa ameketi mkabala na mlango ule, na kila aliyeonekana kwenda upande alidhani ni yeye aliyepinda.

Aliporudi mezani alichukua mkasi mdogo. Fundi Lifti alinyoosha mkono kama anayetaka kumzuia. "Mzee, kwa mtu asiyejua itaonekana nzuri tu hivyo ilivyo."

"Mimi najua sasa. Wewe ndiye uliyeniambia, na ilikuuma, nilikuona." Akaingiza ncha ya mkasi chini ya kamba ya kwanza. "Shika mlingoti huo, usije ukavunjika. Kwa vidole viwili. Usiubane."

Akakata. Uzi uliachia kwa sauti ndogo kavu, na mlingoti ukatetemeka kati ya vidole vya mgeni.

"Baba," binti alisema. Sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Ni ndiyo au ni hapana?"

Fundi Meno alikata ya pili, na ya tatu.

"Ni ndiyo. Wazazi wake waje tuzungumze." Akaweka nyuzi zilizokatwa pembeni, akamtazama Fundi Lifti kutoka chini, jicho moja limefinywa, kama anavyotazama ufizi wa mtu aliyesema hasikii maumivu. "Na wewe, nitaendelea kukuangalia. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Lakini hapo unapotaka kukata sipo. Anza na hiyo ya nyuma."

Mkasi ukasimama hewani. Fundi Meno alimkazia macho mkwe wake kwa muda ambao binti aliuona mrefu kuliko miaka mitano, kisha akausogeza mkasi, akaanza na ile ya nyuma.